Mstari Mtupu kwenye Programu ya Mama Rispah Nanjala, 1953–2025

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani, na nyote mliosafiri kutoka Kitale, Webuye na kwingineko: poleni sana, na asanteni kwa kutusindikizia mpendwa wetu. Mimi ni Nelima, binti ya marehemu Joash, aliyekuwa kaka ya mama tunayemzika leo. Kwetu Wabukusu shangazi huitwa senge, na mkinisikia nikisema Senge mahali ambapo ningepaswa kusema marehemu, mnisamehe. Neno hilo, marehemu, bado halijanizoea mdomoni.

Kabla sijaanza, fungueni programu zenu ukurasa wa mwisho. Pale palipoandikwa "Ameacha", mstari wa kwanza hauna jina. Aliyechapa hakukosea. Mstari ule uliachwa wazi kwa amri ya marehemu mwenyewe, na kamati ya mazishi imebishana juu yake siku tatu nzima, wengine wakisema tunauza ukoo na wengine wakisema tunakaidi wosia. Nitaueleza tukifika huko. Kwa sasa shikeni tu kwamba yupo mtu ambaye Senge alitaka awe wa kwanza kati ya watoto wake, kwa sharti moja, na Alhamisi programu ilipochapwa sharti hilo lilikuwa bado halijatimizwa.

Mama Rispah Nanjala Wekoye alizaliwa tarehe 14 Juni 1953 katika shamba la mahindi la mlowezi mmoja karibu na Kiminini, akiwa wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Wekoye na Mama Edah. Ulikuwa msimu wa njaa, magunia yamekwisha na mahindi mapya bado mabichi, ndiyo maana akaitwa Nanjala. Baba yake alimpikia yule mlowezi kwa miaka kumi na moja, na miaka hiyo yote aliitwa Joni, kwa sababu mpishi aliyemtangulia aliitwa Joni na mwenye nyumba hakutaka taabu ya kujifunza jina jingine. Marehemu alitusimulia kwamba siku moja, akiwa na miaka sita hivi, alitumwa na mama yake kwenye mlango wa jikoni, akaulizia Wekoye. Mwenye nyumba akamjibu kwamba hapo hakuna mtu wa jina hilo. Baba yake alikuwa amesimama pale pale, mwiko mkononi, na hakusema neno. Senge alilia njia nzima hadi nyumbani.

Alisoma shule ya msingi Kiminini, ambako wazazi wake walipata kishamba baada ya Uhuru, na akamaliza darasa la saba mwaka wa 1967. Walimu wake walimkumbuka kwa ukaidi mmoja tu. Mwalimu mgeni alipofika na kumwita "Risi", marehemu hakuitika. Aliandikwa hayupo siku tisa mfululizo, naye amekaa dawati la mbele, amenyoosha mgongo. Siku ya kumi mwalimu akasoma, "Rispah Nanjala Wekoye," naye akajibu, "Niko, mwalimu, na nimekuwa niko." Alichapwa kidogo, lakini tangu siku hiyo aliitwa ipasavyo. Mwaka wa 1969 na 1970 alisomea upishi na ushonaji hapa Bungoma, akatoka na cheti alichokitundika ukutani mpaka kikageuka rangi ya chai.

Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na Bwana Hillary Mukhwana, fundi wa mitambo katika kiwanda cha karatasi cha Webuye. Walikuwa watu wawili wenye vicheko vikubwa, na nyumba yao haikukosa mgeni. Walijaliwa mtoto mmoja, Phelista Nasimiyu, aliyezaliwa tarehe 20 Januari 1977, katikati ya kiangazi, ndiyo maana akaitwa Nasimiyu. Phelista alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu malaria ilipomchukua tarehe 3 Septemba 1998. Kaburi lake ni lile pale, karibu na mikaratusi. Marehemu alimwaga udongo kwa mikono yake mwenyewe, akakataa koleo. Baada ya siku hiyo hakulitamka tena jina la Nasimiyu, wala hakukubali mtoto yeyote wa ukoo apewe. Kina mama wa hapa mnajua uzito wa jambo hilo, kwa maana kwetu jina la aliyekufa hutafuta mtoto, na kulizuia ni kumzuia mtu mlangoni. Tulimwacha. Miaka kumi na mitano hakuna aliyethubutu. Mwaka wa 2009 Bwana Hillary naye akatutoka, na Senge akabaki na nyumba kubwa na sauti yake peke yake.

Nadhani hapo ndipo wengi walitarajia akunje mikono asubiri uzee. Badala yake, Machi 2011, akiwa na miaka hamsini na saba, alikwenda Kitale kuomba kazi katika Kambi ya Makorongo, ile kambi ya wageni iliyo kando ya kinamasi, ambako watu hutoka ng'ambo kuja kuangalia ndege na kupanda Mlima Elgon. Alipewa jiko. Mtu wa haki lazima aseme lililo kweli: kambi ile ilitutendea mema. Kabla yake, hoteli za kule ziliona aibu kumwekea mgeni mboga za kienyeji. Senge aliwapikia mrenda na saga, akatia munyu wa majivu ya maganda ya maharagwe, na wageni wakaomba kuongezewa. Vijana waliokuwa wakiidharau mboga hiyo wakaanza kuipanda tena. Wazungu kadhaa waliokuja kwa wiki moja walijenga nyumba za likizo kando ya kinamasi, na wengine wakastaafia huko.

Mwaka wa 2014, mwezi wa Januari, walifika mume na mke kutoka Norwe. Mama aliitwa Marit, na mtoto wao, msichana wa miezi sita, aliitwa Tuva. Mtoto alilia siku tatu. Daktari alimpima mjini, hakuona kitu. Siku ya tatu Marit alisimama mlangoni pa jiko akiwa amechoka hata kujieleza, na Senge akamnyang'anya mtoto. Aliketi kwenye kigoda karibu na moto akaanza kumwitia majina ya wafu wetu, jinsi bibi zetu walivyofanya: unataja, unasubiri, na mtoto akinyamaza basi umempata aliyekuja. Alianza na bibi yake, akaja kwa shangazi zake, akataja saba. Mtoto akazidi kulia. Abdisalam, dereva wa kambi, mwenyeji wa hapa Bungoma karibu na msikiti, alikuwa jikoni akinywa chai. Amekaa pale mbele na anaweza kunisahihisha.

"Mama," akasema, "si umeruka mmoja? Yule wako wa Webuye."

"Huyo sijamruka. Huyo nimemwacha alale."

"Lakini mtoto analia, mama."

Senge alimhamishia mtoto bega la pili. Kisha akasema, "Nasimiyu." Na mtoto akanyamaza, akamtazama, akalala.

Mimi niliposimuliwa nilisema mtoto alikuwa amechoka kulia tu. Senge akaniuliza, "Kwani wewe ulinyamazia jina gani? Uliza mamako." Niliuliza. Sijarudia tena kusema hivyo.

Lakini sikilizeni alichosema baadaye, kwa kuwa ndicho kilichotuleta kwenye mstari mtupu. Alimwambia Abdisalam atafsiri kila neno. "Mwambie huyu mama, mtoto wake sasa ana kwao huku. Jina liko na kazi. Mwenye jina hili nilimzika kwa mikono yangu, na hiyo haikuwa zamu yangu. Ilikuwa zamu yake kunizika mimi. Sasa huyu ndiye atakuja." Abdisalam alitafsiri yote. Marit hakucheka wala hakusema asante haraka haraka. Aliitisha kalamu, akaandika ndani ya jalada la kitabu chake cha ndege. Baada ya wiki moja wakarudi kwao.

Habari zilienea mezani. Ciru, aliyekuwa meneja wa kambi na ambaye naye yuko nasi, alimjia Senge akiwa na furaha. "Mama Rispah, wageni wote wanauliza hiyo maneno ya jina. Tuifanye kila Jumamosi saa kumi, wakitoka kuangalia ndege." Marehemu alikubali, na ninaelewa kwa nini. Yeye ni binti wa mtu aliyeitwa Joni miaka kumi na moja. Sasa watoto na wajukuu wa akina mwenye nyumba walipanga foleni mlangoni pa jiko, wakiomba waitwe kwa majina ya watu wake. Alinyoosha mgongo kama kwenye lile dawati la mbele. Katika miaka minne aliwapa majina watu themanini na watatu, akawaandika wote katika daftari. Kila mmoja alimwambia lile lile, Abdisalam akitafsiri: jina lina kazi, tukizika unakuja. Wageni walitabasamu, wakapiga makofi, wakapewa leso, kibuyu, na cheti chenye picha ya korongo.

Nasi kijijini tukaanza kubadilika bila kujua. Kina mama vijana wa karibu na kambi, ambao hawakuwahi kumwona bibi akimwitia mtoto majina, walijifunzia pale Jumamosi. Wakaanza kuwapa watoto wao majina saa kumi, kwa ngoma, na wakauliza cheti kiko wapi. Kambi ilibandika ubao wa majina na maana zake, wageni wachague. Jina la Nanjala liliondolewa, kwa sababu mtu aliyekuja likizo hataki kuitwa njaa. Baada ya muda nikaona hata Kiminini hakuna mtoto mchanga anayeitwa Nanjala tena. Wanasema halipendezi. Nilipomwambia Senge alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa, "Kwa hivyo mimi nikienda, nitarudi kwa nani?"

Tarehe 24 Machi 2018 tulimzika baba yangu, Joash, kule Kiminini. Marehemu alituma ujumbe kupitia kambi kwa watoto wake wa majina waliokuwa wakiishi Kitale, kumi na mmoja kwa hesabu ya daftari. Akaweka viti kumi na kimoja mbele, chini ya hema, akavifunika vitambaa vyeupe. Jua lilikuwa kali. Wazee walisimama. Mama mmoja mjamzito alitaka kuketi, Senge akamwambia, "Hivyo vina wenyewe, nakuletea kingine." Mahubiri yakaisha, udongo ukamwagwa, na vile viti havijakaliwa na mtu. Nitasema wazi kwamba nilimkasirikia. Yalikuwa mazishi ya baba yangu, na watu walikuwa wakitutazama na kunong'ona.

Abdisalam ndiye aliyekuja akachuchumaa mbele yake. "Mama, hiyo ya mazishi mimi huwa naiacha. Niliambiwa wageni wako likizo, wasisumbuliwe na mambo ya kifo. Nikawa nawaambia tu ati mnakaribishwa tena. Hata huu ujumbe wako walidhani ni mwaliko wa kuona desturi. Nisamehe, mama."

Senge aliketi kwenye kimoja cha vile viti. "Kwa hivyo hawajakataa kuja."

"Hawajakataa. Hawajui."

"Basi kosa si lao, bana," akasema. Akainuka akaenda kuosha sufuria na wanawake wengine. Jumamosi iliyofuata alibaki jikoni na aproni yake. Ciru akamtafuta mwanamke mwingine wa mjini, aliyewaita wageni Simba na Malaika, na wageni wakapiga makofi vile vile.

Alirudi mwaka wa 2019 na sheria yake mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumpinga kwa kuwa bila yeye chakula hakikuwa chakula. Anayetaka jina la ukoo wa Wekoye aje kwanza kwenye msiba mmoja, akae mpaka sufuria zioshwe. Baada ya hapo ndipo azungumze naye. Ciru alicheka, kisha akaiandika ubaoni. Kwa miaka sita waliotimiza sheria hiyo walikuwa wanne. Mmoja ni Bwana Colin, mstaafu kutoka Skotilandi aliyejenga kando ya kinamasi, ambaye alihudhuria misiba mitatu kabla ya kuthubutu kuomba. Senge alimpa jina la baba yake. Leo mkiulizia Wekoye kwenye mlango wa jiko letu, atatokea mzungu mwenye gambuti na mwiko mkononi, na ataitika. Senge alisema siku ile alipoitika mara ya kwanza alitamani baba yake angekuwepo asikie.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa mwaka wa 2016, naye akauchukulia kama mgeni asiyefaa kupewa kiti kizuri. Mapema mwaka huu figo zilianza kushindwa. Alilazwa Kitale mara mbili, na mwezi wa Septemba akaomba aletwe hapa Bungoma, nyumbani kwa mumewe. Ciru alikuja kumwona, akaketi ukingoni mwa kitanda akalia. "Mama, nilikosea. Nilidhani ni kitu ya kufurahisha wageni."

"Ni ya kufurahisha, Ciru. Ulisahau tu upande wa pili."

Siku ile alinipa daftari lake na wosia. Marit alimwandikia kila Januari, barua na picha, miaka yote hiyo, lakini barua si udongo, alisema. "Nelima, kwenye programu acha mstari wa kwanza. Akija, mwandike mtoto wangu. Asipokuja, usimwandike kabisa, na usimlaumu. Nitajua tu kwamba Phelista hakupata njia." Alisema hivyo akitazama ile mikaratusi. Mimi nilikuwa nalia, yeye hapana.

Mama Rispah alifariki alfajiri ya Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, akiwa na miaka sabini na miwili, nikiwa nimemshika mkono. Ciru alituma habari Norwe asubuhi hiyo hiyo. Hatukupata jibu Jumapili. Jumatatu kamati ikaketi, na Tonny, mtoto wa shemeji ya marehemu na katibu wetu, akasema kilichokuwa moyoni mwa wengi: "Hatuwezi weka mtoto wa mzungu mbele ya watu wa boma. Watu watasema tumeuza jina kama wale wa kambi. Na hata hajaonekana." Nilimjibu vibaya, naye akanijibu vibaya. Jumanne na Jumatano tukabishana tena. Alhamisi tukakubaliana jambo moja tu, kwamba mstari uchapwe mtupu.

Sasa nimefika mahali niliposema nitafika. Haya ya mwisho hayako kwenye programu zenu, nimeyaongeza leo asubuhi kwa kalamu aliyonipa Tonny.

Jana saa kumi na moja jioni gari la Abdisalam liliingia hapa likitoka uwanja wa ndege wa Eldoret. Alishuka Marit, na nyuma yake msichana wa miaka kumi na miwili, mrefu, mwenye kitabu cha ndege kilichochakaa jalada. Msichana hakutoa kamera. Aliuliza mambo mawili, na Abdisalam akayatafsiri yote, neno kwa neno. La kwanza, mwenye jina lake amelala wapi. Tukampeleka kwenye mikaratusi. La pili, sufuria ziko wapi. Leo asubuhi Tonny alimkuta nyuma ya jiko, mikono ina masizi mpaka viwikoni, akisugua ile sufuria kubwa ya ugali pamoja na binti za Tonny mwenyewe. Tonny akaja kwangu moja kwa moja. "Nelima, shika kalamu. Andika."

Mama Rispah Nanjala ameacha dada yake Mary Ann wa Moi's Bridge na ndugu yake mdogo Derrick wa Kiminini. Ameacha wapwa na mashemeji wengi, nikiwemo mimi na Tonny. Ameacha Abdisalam na Ciru, aliowaita watu wa jiko lake. Ameacha watoto wake wa jina waliokaa mpaka sufuria zikaoshwa, akiwemo Bwana Wekoye wa Kitale. Ameacha jina la Nanjala, zuri, halina mwenyewe kwa sasa, na mama yeyote ambaye mtoto wake analia usiku huu alijaribu.

Na mbele ya hao wote, kwenye mstari wa kwanza, tafadhali mwenye kalamu aandike, na asiye nayo aazime kwa jirani: binti yake, Nasimiyu. Ndiye atakayemwaga udongo kabla yetu sote, na ameomba asipewe koleo.

Lala kwa amani, Senge. Njia ameipata.